Imani ya mtu iko mu damu? Kusoma tena Tempels huku Kalemie

Wandugu, wengi wetu tulikutana na Placide Tempels kwa fotokopi: kurasa chache, mstari umepigwa chini ya "nguvu ya uzima", halafu swali la mtihani. Tunaandika kwamba kwa Mbantu kila kitu ni nguvu, tunapata pointi, tunaendelea na maisha. Mimi nimerudilia kitabu chote, mara hii bila mtihani, na naona hakituhusu paka kwa sababu ya pointi. Ndani yake kuna jibu kwa swali moja ambalo tunalibeba kila siku huku Tanganyika: imani ya mtu anaipata kwa kuzaliwa, ao anaitengeneza mwenyewe?

Tempels alikuwa Mbelgiji, padri Mfransisko. Alifika Kongo 1933, akaishi kati ya Waluba wa Katanga, na La philosophie bantoue ilitoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Tumpe haki yake. Wakati ule Wazungu wengi walisema mtu mweusi ana desturi tu, hana mawazo. Yeye akasema mawazo yako, tena yamepangwa vizuri. Hiyo haikupendeza wakubwa wote. 1946 alirudishwa Ubelgiji, akarudi Kongo 1949.

Lakini angalia namna anavyojenga ile hoja. Mbantu ana filozofia nzima, anasema, ila hawezi kuieleza. Ni sisi Wazungu tulio na masomo tutakaomwambia anaamini nini, na yeye akisikia atajitambua. Sasa fikiria mzee mmoja anasikia vile, anajibu: "Hapana, mimi siamini vile." Huyo mzee atawekwa wapi? Mu kitabu hana kiti. Na kijana aliyesoma, yule waliyemwita evolwe, Tempels anamuona kama mtu aliyepoteza mizizi yake. Kwa hiyo njia ni mbili tu: unabeba kile cha wazee wako bila kukijua, ao umebaki mutupu. Paulin Hountondji, wa Benin, alishambulia hasa hiyo: taifa zima kugeuzwa kichwa kimoja, ambamo hakuna mtu anayebishana na jirani yake. Mimi nakubaliana naye, na naongeza: imani ambayo mtu hana ruhusa ya kuikataa, sijui tunaiita imani kwa nini. Iite alama ya kuzaliwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa tayari, tena lilitoka kwetu. Miaka zaidi ya thelathini mbele ya Tempels, 1910 na 1911, La Revue congolaise ilichapisha La psychologie des Bantu. Mwandishi wake alikuwa Stefano Kaoze, Mtabwa wa Marungu, mwanafunzi wa Mapadri Weupe, ambaye 1917 alipata upadri kule Baudouinville, Kirungu ya leo, wa kwanza mu Kongo ya Wabelgiji. Kaoze anaandika juu ya akili na tabia ya watu wake kwa Kifaransa, na hangojei mtu amwambie anawaza nini. Yeye mwenyewe njo anasema. Ni kweli kwamba Mjezwiti Mbelgiji, Vermeersch, alimtangulia kwa utangulizi, kama vile mtu anavyoshikwa mkono kuingia ofisi. Lakini aliingia. Kwa nini Tempels yuko mu fotokopi zetu na Kaoze hayuko, hilo nawaachia walimu wetu.

Hapo usikimbilie kusema: basi, Kaoze alichagua! Polepole. Mpala, kusini ya mji wetu, ilikuwa kituo cha watu wa Leopold II kabla ya Mapadri Weupe kuichukua 1885. Kuanzia 1887 Kapiteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, alikuwa anailinda ile misheni kwa bunduki. Watoto waliokombolewa mu utumwa walilelewa pale, walikula pale, walifundishwa sala pale. Mtoto wa namna ile akisema Baba Yetu, alichagua? Chakula na ulinzi na sala vilikuja mu kikapu kimoja. Na leo wajukuu wa wajukuu wao wanakwambia, "Sisi tuko Wakatoliki tangu zamani." Kitu kilichoingia jana kwa mlango, kesho kinaitwa msingi wa nyumba. Na ile dini ya wazee ambayo Tempels aliiona kama haina mwanzo, nayo iliingia siku moja. Hakuna aliyeandika siku ile, basi.

Tempels mwenyewe, naona, alikuja kufahamu kitu ambacho kitabu chake hakikufahamu. Nyuma ya kurudi alifanya kazi kati ya wafanyakazi wa migodi upande wa Kolwezi, na kutoka pale ikazaliwa Jamaa. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili hiki chetu: uzima, uzazi, mapendo. Maneno ya wazee kabisa! Lakini hakuna aliyezaliwa mu Jamaa. Bwana na bibi walipaswa kuja pamoja, kufundishwa, kupita njia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kuzungumuza mpaka kila mmoja aseme anaona nini mu maisha yake. Neno kubwa lao lilikuwa mawazo. Maneno ni ya urithi, lakini mtu anayapitisha kwanza mu ndoa yake na mu usiku wake. Mimi pale naona imani yenye mwenyewe. Kitabu cha 1945 hakingeweza kueleza watu wale, ijapokuwa mwandishi alikuwa amekaa katikati yao.

Na sasa, kwa nini nasema si jambo la watu wa filozofia peke yao. Lile neno "Bantu" mu jina la kitabu, Louvain wanalisoma kivyao. Sisi mu Tanganyika, Mbantu ni mtu asiye Mtwa. Kutoka 2013, na zaidi sana 2016 na 2017, Watwa na Waluba waliuana, vijiji vilichomwa, watu wakajaa mu makambi pembeni ya mji huu. Ardhi ilikuwemo, kodi ilikuwemo, siasa ilikuwemo, najua. Lakini sikiliza namna tunavyoongea, hata sisi wenye diplome: "Hao njo vile bako. Ni mu damu." Mtu hajawahi kumuuliza Mtwa mmoja anaamini nini, lakini anaweza kumweleza wote kwa dakika mbili. Ni Tempels bila upole wa Tempels.

Mtoto aliyezaliwa mu kambi mwaka ule yuko masomoni sasa. Anajua tayari sahani gani si ya kushirikiana na nani. Hakukaa chini akafikiri, na hakutoka nayo tumboni. Kuna mtu alimwambia, jioni moja, akimwekea ugali.