Binadamu yupi? Maneno matatu yaliyoiharibu karatasi ya utafiti

Majuma machache yaliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani aliniletea karatasi ya maelezo iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Walengwa walikuwa watu ambao wangeombwa kutoa damu kwa utafiti wa kimaabara. Alitaka niipitie lugha tu, basi. Nikakwama kwenye sentensi moja: "Tutatumia protini ya binadamu iliyounganishwa upya kuchunguza jinsi seli zinavyojiua."

Nilimsomea jirani yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Akanitazama. "Prof, binadamu yupi huyo? Alikuwa hai ama maiti?"

Kisarufi, sentensi hiyo haina kasoro. Upatanisho ni sahihi na tahajia ni safi. Ila inapotosha mara tatu.

Tuanze na "ya binadamu". Kihusishi cha a-unganifu kina kazi nyingi: kiti cha Juma, kiti cha mbao, maji ya kisima. Msomaji akikuta "protini ya binadamu", huilinganisha na "damu ya binadamu" na kudhani imetolewa mwilini mwa mtu. Sivyo. Protini inayohusika huitwa Bid. Wataalamu huchukua jeni ya binadamu yenye maelekezo ya kuiunda, wakaipandikiza ndani ya bakteria aina ya E. coli, na bakteria hao ndio wanaoizalisha. Insulini ya binadamu iliyoundwa kwa njia hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na hakuna mtu anayekamuliwa ili ipatikane. Kilicho cha binadamu hapa ni ramani, si nyama.

Pili, "iliyounganishwa upya". Mfasiri alifuata kivumishi cha Kiingereza bila kujiuliza kinachounganishwa ni nini. Ni DNA. Protini yenyewe haikuvunjwa wala kuungwa. Ningeandika: "protini inayozalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu." Ni ndefu, naam, lakini mwalimu hangeuliza habari za maiti.

Tatu, na hili ndilo zito, "kujiua". Katika Kiswahili, anayejiua ana nia, na neno hilo huja na msiba na aibu. Seli haina nia. Bid ikikatwa na kimeng'enya kiitwacho kaspesi-8, kipande chake huelekea kwenye mitokondria, yaani viwanda vya nishati vya seli. Huko huziamsha protini nyingine, Bax na Bak, ambazo hutoboa utando wa nje. Saitokromu c huvuja. Ikiwa ndani ya mitokondria, saitokromu c husaidia kuzalisha nishati. Ikivuja, huwa ishara ya kifo. Ndiyo maana watafiti huitia protini hiyo kwenye mitokondria zilizotengwa, kisha wakapima kinachovuja.

Kifo hicho kina manufaa. Vidole vya mtoto aliye tumboni hutengana kwa sababu seli zilizo kati yake hufa kwa utaratibu. Seli zinazostahili kufa zikikataa, saratani huweza kuzuka.

Mwaka 1972, Kerr, Wyllie na Currie walipotaka kulipa jina tukio hili, walipata msaada wa James Cormack, profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen. Likazaliwa neno apoptosisi, lenye taswira ya majani yanayodondoka mtini. Jamani, taswira hiyo tunayo! Majani makavu hupukutika. Kwa nini tusiseme "mpukutiko wa seli"?

Kuna atakayepinga kwamba hata watu hupukutika kwa maradhi. Ni kweli, na pingamizi hilo si la kupuuzwa. Hata hivyo, maana ya msingi ya kitenzi hicho ni ya mti, na mti unaopukutisha majani haujafa, aghalabu unajihifadhi. Tawi linalovunjwa na dhoruba ni jambo jingine, kama ilivyo seli inayopasuka kwa jeraha.

Funzo ni kwamba wanasayansi wale walimwendea mtaalamu wa lugha kabla ya kulitangaza jina. Sisi huletewa sentensi ikiwa imeshapikwa, tuinyunyizie chumvi tu. Wakati huohuo anayeombwa damu anatia sahihi jambo asilolielewa, au anakataa kwa hofu ambayo sisi wenyewe tumeizua.

Niliiandika upya sentensi: "Tutatumia protini inayozalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, ili kuchunguza jinsi seli zinavyopukutika." Nikamsomea jirani yangu tena. Safari hii hakuuliza kuhusu maiti.

"Na damu yangu ikibaki," akasema, "mtaifanyia nini?"

Hilo ndilo swali alilostahili kuuliza tangu mwanzo. Karatasi ile haikuwa na jibu.