Uhai wa Kifurushi

Mtunzi wa hadithi za kutisha hushawishika upesi kuibomoa dunia nzima: mabomu, majitu ya chuma, miji inayoteketea. Charlie Brooker, Mwingereza aliyewahi kuwa mchambuzi wa vipindi vya televisheni katika gazeti la The Guardian, amechagua kazi ngumu zaidi. Katika Black Mirror, iliyoanza kurushwa na Channel 4 Desemba 2011 na baadaye ikahamia Netflix, dunia huiacha kama ilivyo. Watu wanapika, wanaoneana wivu, wanadaiwa. Anaingiza kitu kimoja tu ambacho bado hakijawapo, kisha anawafuata hatua kwa hatua aone watakitumiaje. Karibu kila hadithi inajitegemea, ina watu wake na mwisho wake. Hakuna shujaa tuliyekwisha kumpenda wa kuja kuokoa mtungo dhaifu.

Ninayoipenda kuliko zote ni “Common People” ya Aprili 2025. Amanda ni mwalimu. Mumewe, Mike, huchomelea vyuma. Amanda anaanguka darasani, na hospitali wanakuta uvimbe kwenye ubongo. Kampuni iitwayo Rivermind inawaambia upasuaji ni bure: sehemu iliyoharibika itanakiliwa kwenye mitambo yao, na fahamu zake zitamfikia kwa mawimbi. Kinacholipiwa ni huduma, dola 300 kila mwezi. Wanakubali, na nani angekataa? Siku wanaposafiri kusherehekea ndoa yao, Amanda anazimika ndani ya gari. Wamevuka eneo lenye mtandao.

Nani ahitaji kufafanuliwa hilo hapa Munanila, mkoani Kigoma? Huku mpakani ukishuka bondeni mtandao unapotea, na ukipanda upande wa pili simu inaweza kukamata mnara wa Burundi. Tunajua bando likikata katikati ya maongezi mwana aliye Dar es Salaam anakuwa hayupo mpaka ujiunge tena. Brooker amechukua jambo hilo la kila siku akalisogeza kidogo tu: badala ya maongezi, kinachokatika ni mke wa mtu. Hofu yake inatoka kwenye risiti na ramani ya minara, ndiyo maana inatuingia.

Halafu Rivermind inaleta vifurushi vya bei ya juu zaidi, na asiyeweza kupanda navyo analishwa matangazo. Mwanafunzi anamjia Amanda na shida za nyumbani kwao. Mwalimu anainama amsikilize, anafungua kinywa kumfariji, na kinachotoka ni tangazo la huduma ya ushauri, kwa sauti ileile ya upole. Likiisha, anaendelea pale alipoachia. Hajui amesema nini. Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kwa sababu hakuna katili ndani yake. Hata mhudumu wa kampuni ni mkarimu, naye anaishi kwa huduma hiyohiyo. Kuandika ubaya usiokuwa na mbaya wa kunyooshewa kidole kunataka mkono uliotulia sana.

Tanzania tumeyaishi yanayofanana na hayo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni. Mkopaji aliruhusu programu isome majina yote ya simuni mwake. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha ulitumwa kwa bosi, kwa mchungaji, kwa wakwe. Mtunzi angeandika hivyo mwaka 2011 tungesema amezidisha chumvi.

Ukanda wetu hauna upungufu wa mikono ya kazi hii. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dunia iliyokaukiwa maji. Neptune Frost ya 2021 imewekwa kwenye milima ya Burundi, miongoni mwa wachimba koltani na wadukuzi, na Muha wa huku kwetu akiitazama, kwa kuwa Kiha kinakaribiana na Kirundi, maongezi mengi ya Kirundi yanamwingia bila kusoma maandishi ya chini. Hizo ni filamu. Ninachokitamani ni mfululizo wa televisheni wa hadithi zinazojitegemea, kwa Kiswahili, ulioandikwa na vijana wa vijiji hivi. Hadithi ya kwanza ningewaomba ianzie gulioni: mama anapima maharage, simu inaita, na mtu asiyemjua anamtaja mkwewe kwa majina yote matatu, pamoja na kiasi anachodaiwa.