Sebule kwa Mistari Michache, Sayari kwa Wino Mzito

Mchora vibonzo akitaka tujue kwamba mhusika wake anaota, njia iliyozoeleka ipo: huizungushia picha mstari wa mawimbi, au huzifanya kingo zififie, na papo hapo tunaelewa kwamba haya hayatokei. Bill Watterson aliichorea Marekani kibonzo cha Calvin and Hobbes, kuhusu mtoto Calvin na simbamarara wake wa kitambaa Hobbes, kuanzia Novemba 18, 1985 hadi Desemba 31, 1995, na njia hiyo aliiepuka. Chombo cha anga cha Spaceman Spiff, mwanaanga ambaye Calvin hujiwazia kuwa yeye, kinaanguka kwenye sayari ya mbali ndani ya kisanduku chenye kingo zilezile nyoofu zinazoizunguka meza ya chakula cha jioni. Hakuna kinachotutahadharisha. Mpaka atokee mtu mzima, tunaishi ndani ya kichwa cha mtoto wa miaka 6 bila kuambiwa kwamba tumo humo.

Uamuzi huo ndio uliobeba kibonzo kizima, na ukitaka kuuelewa, fuatilia wino unakokwenda. Nyumbani kwa Calvin wino ni haba. Kiti, taa, mstari wa sakafu, ukuta mtupu. Miwani ya baba yake ni miduara miwili isiyo na kitu ndani, na macho hatuyaoni. Wazazi hata majina hawana. Ni Mama na Baba tu, kwa sababu ndivyo walivyo kwa mwana wao. Kisha Calvin anasinzia darasani kwa mwalimu wake, Miss Wormwood, na ghafla brashi inaamka. Miamba inapanda, makorongo yanapasuka, vivuli vinalala juu ya mchanga. Mandhari hiyo ya sayari Watterson aliitoa kwenye jangwa la kusini mwa Utah, mahali halisi kabisa. Kwa dinosaria wa ndoto za Calvin alifanya vivyo hivyo. Mwanzoni aliwachora kwa kumbukumbu za utotoni mwake, wazito na wavivu. Baadaye akasoma vitabu vipya, akakuta elimu imekwenda mbele, akawachora upya wakiwa na misuli, uzito na kasi ya mnyama anayewinda. Kwa mpelelezi Tracer Bullet, nafsi nyingine ya kuwaziwa ya Calvin, alimwaga weusi mzito na miale mikali ya mwanga, kwa mtindo wa filamu za zamani za wapelelezi.

Kwa hiyo mambo yamegeuzwa. Jambo la kweli limechorwa kikatuni, na jambo la kubuni limechorwa kwa utafiti, kwa anatomia, kwa mwanga unaotoka upande mmoja unaoeleweka. Tusipolitambua hilo tutasema tu kwamba Calvin ana mawazo mengi, kana kwamba wingi ndio uliotushika. Kilichotushika ni kipimo cha umakini. Mtoto aliyechoshwa na hesabu haioni kuta za darasa, bali anaona kwa ukamilifu mdudu wa kutisha anayemkaribia Spiff. Watterson alichora kila kitu kwa kiasi ambacho Calvin alikuwa anakitazama.

Kuvuka kutoka dunia moja kwenda nyingine kunafanyika kwenye ule mwanya mweupe kati ya kisanduku na kisanduku. Mara nyingi umbo ndilo daraja. Zimwi lililomwinamia Spiff upande wa kulia linamwachia nafasi mwalimu, naye ameinama upande uleule na ana kimo kilekile. Jicho halihitaji kutafuta. Tunacheka kwa sababu mchoro umetuthibitishia kwamba kwa Calvin hawa wawili ni kiumbe kimoja.

Hobbes ana kanuni nyingine, na hapa ndipo ninapomheshimu Watterson zaidi. Ulimwengu wa Spiff huvunjika mtu mzima akiingia. Hobbes havunjiki, hubadilika tu. Akiwa peke yake na Calvin, ni simbamarara mrefu kumshinda mtoto, anatembea kwa miguu miwili, ana mgongo unaopinda na mkia unaosema. Akitokea mama, baba au Susie Derkins wa jirani, karibu kila mara kisanduku kinatuonyesha mwanasesere mfupi wa kitambaa, mikono imening'inia. Halafu wanaondoka, na simbamarara anaendelea na mazungumzo palepale alipoachia. Mwili huo wa simbamarara haukutoka hewani. Watterson aliuchota kwa paka wake aliyeitwa Sprite: urefu wa kiwiliwili, sura, hata tabia ya kuvizia na kuruka ghafla. Mwanzoni Hobbes alikuwa na vitakia vya nyayo vilivyochorwa viganjani. Baadaye mchoraji aliviondoa kwa sababu vilivuta jicho bila faida.

Kingekuwa rahisi, kibonzo hiki kingetuambia kwamba Hobbes ni mwanasesere na mengine ni ndoto. Ila kuna visa vinavyolikataa jibu hilo. Hobbes anamfunga Calvin kwa kamba kwenye kiti, kisha baba anaingia na kumkuta mwanawe amefungwa barabara. Ni nani aliyefunga vifundo? Calvin anarudi kutoka shule, anarukiwa mlangoni na kugaragazwa, na mama anaona matope na nguo zilizochakaa, yaani anaona ushahidi asioweza kuueleza. Watterson aliwahi kufafanua kwamba hakumchukulia Hobbes kuwa kikaragosi kinachopata uhai, wala zao la mawazo ya Calvin. Calvin anamwona hivi, wengine wanamwona vile, na kibonzo hakiamui. Kamba ile ni ya lazima. Bila athari zinazobaki baada ya mtu mzima kuingia, kisanduku cha mtu mzima kingekuwa hukumu. Zikiwepo, kinabaki kuwa mtazamo mmoja kati ya miwili.

Ufundi wa namna hii unahitaji nafasi, na nafasi Watterson aliipigania. Kibonzo cha Jumapili kilipangwa kwa mgawanyo usiobadilika, ili mhariri wa gazeti aweze kuitupa safu ya juu au kuvihamisha visanduku na kuokoa karatasi. Mchoraji alilazimika kuweka juu kitu ambacho kisipokuwepo hakitaharibu kisa. Baada ya likizo yake iliyodumu kuanzia Mei 1991 hadi Februari 1992, alirudi na sharti la nusu ukurasa usiokatwa. Wahariri wengi walilalamika, lakini tazama matokeo: ukurasa ukapumua. Kisanduku kimoja kirefu kikaweza kubeba mlima mzima, vidogo vikafuatana kwa kasi, na vingine vikaachwa bila kingo. Tofauti ya ndoto na sebule ikaingia kwenye ukubwa wa visanduku vyenyewe.

Si kila siku kibonzo kilifika huko. Zipo siku Calvin anahubiri tu kuhusu sanaa au televisheni, na picha inakaa chini ya maneno bila kazi. Watterson aliiona hatari hiyo. Ndiyo maana mijadala mizito aliipandisha kwenye kigari kinachoteremka mlima kwa kasi, au kwenye sleji wakati wa theluji, ili macho yawe na cha kufanya wakati masikio yanasikiliza. Na kuna kile kisa cha nyumba kuibiwa familia ikiwa safarini. Usiku wazazi wako kitandani, hawapati usingizi, na baba anakiri kwamba utotoni aliamini watu wazima wanajua la kufanya. Calvin hayumo kwenye mazungumzo hayo. Kwa mara hiyo moja, kisanduku cha mtu mzima kimepewa hofu na kina ambacho kwa kawaida hutengewa mtoto, na uso wa baba haubaki tena miduara mitupu ya miwani.

Kampuni iliyokisambaza kibonzo, Universal Press Syndicate, ilitaka kuuza wanasesere, fulana na vikombe vyenye sura ya Hobbes, na mkataba wa awali uliipa haki hiyo. Watterson alikataa kwa miaka, mpaka mwaka 1991 mkataba ukaandikwa upya na haki zikarudi kwake. Wengi huliona hilo kama suala la msimamo wa msanii mbele ya fedha, na ni kweli. Mimi naliona pia kama uamuzi wa mchoraji kuhusu mchoro wake. Simbamarara wa kitambaa dukani, mwenye bei shingoni, angeitoa hukumu kuhusu Hobbes ambayo matoleo 3,160 ya kibonzo yalikaa miaka 10 bila kuitoa.