Hasira Isiyotamkwa: Mashine za Kutambua Hisia na Kiswahili cha Kasigau

Mwaka 2025 wataalamu wa lugha na kompyuta kutoka nchi mbalimbali walitoa mkusanyo wa matini uitwao BRIGHTER, wenye lugha 28, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kusudi lake ni kuzifundisha mashine kutambua hisia katika maandishi. Kila sentensi imesomwa na watu, nao wakaonyesha kama mna hasira, huzuni, hofu, furaha, kinyaa au mshangao. Kwa muda mrefu lugha za Kiafrika zilisahauliwa katika utafiti wa aina hii, na kwa hiyo kazi hii yastahili sifa. Hata hivyo sifa hiyo haizuii kuuliza kinachotambuliwa hasa ni nini.

Mashine haisikii hasira wala furaha. Hupewa maelfu ya sentensi zilizokwisha kutiwa lebo na binadamu, ikatafuta uhusiano kati ya maneno na lebo hizo, kisha ikakisia lebo ya sentensi mpya. Waandalizi wa BRIGHTER wenyewe wameeleza wazi kwamba kinachotafutwa ni hisia ambayo wasomaji wengi watadhani msemaji anayo. Basi mashine hujifunza dhana ya msomaji juu ya moyo wa mtu mwingine. Msomaji akiwa mgeni wa mila za msemaji, ugeni wake nao hufundishwa.

Orodha ya hisia sita nayo ina asili yake. Ilipata nguvu kutokana na uchunguzi wa Paul Ekman, ambaye mwaka 1971 alichapisha matokeo ya kuwaonyesha watu wa New Guinea picha za nyuso. Orodha iliyotokana na nyuso ndiyo leo inayotumika kupimia maneno. Katika Kiswahili kipimo hicho hupwaya. Neno "uchungu" laweza kuwa la mfiwa, la aliyedhulumiwa, hata la mama anayejifungua. Mna huzuni ndani yake, na mara nyingi mna hasira pia. "Haya", ambayo huongoza mwenendo wa Mswahili tangu utotoni, haina mahali katika orodha. Na asemaye "pole" aghalabu haelezi huzuni yake mwenyewe, bali huutambua mzigo wa mwenzake.

Tatizo huzidi inapotumika orodha ya maneno iliyofasiriwa. Orodha mashuhuri ya Saif Mohammad na Peter Turney ilikusanya maneno ya Kiingereza yapatayo 14,000 na hisia zinazohusishwa nayo, kisha ikafasiriwa kwa mashine katika lugha zaidi ya mia moja. Ufasiri wa neno moja moja haugusi mnyambuliko. Tuchukue vitenzi viwili, "amenikasirisha" na "amenikasirikia". Mzizi ni mmoja. Katika cha kwanza mwenye hasira ni msemaji. Katika cha pili mwenye hasira ni yule mwingine, na msemaji huenda ana hofu au majuto. Kwa kubadilisha viambishi tu, hasira imehama kutoka moyo hadi moyo. Kadhalika "sikukasirika" hubeba kanusho lake ndani ya neno lenyewe. Mashine zinazojifunza kwa matini nyingi huweza kuupata ujuzi huu kwa kiasi fulani. Orodha haiwezi kabisa.

Lakini liko jambo zito zaidi ya sarufi, na mfano wake mzuri ni Kasigau, kusini ya mji wa Voi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwashuku wenyeji wa mlima huo kuwa waliwasaidia Wajerumani, ikawahamisha kwa nguvu hadi pande za Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia hawakurudi mpaka miaka ya 1930. Sasa tuchukulie sentensi iliyotungwa kwa ajili ya hoja hii: "Babu alipelekwa Malindi, akarudi peke yake." Hamna neno hata moja la hisia. Msomaji wa mbali ataitia kapu la sentensi zisizo na hisia, na mashine itamfuata. Msomaji wa Rukanga au Bungule atasikia kilio ndani yake.

Katika Milima ya Taita, kwa majirani na ndugu wa Wakasigau, Grace Harris alichunguza desturi ya kutasa, akaandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1978. Katika itikadi aliyoieleza, hasira ya kuogopwa ni ile inayofichwa moyoni, kwani ndiyo iletayo maradhi na misiba. Mwenye kutasa hupiga funda la maji au pombe, akalitema kwa kulipuliza, huku akitamka maneno ya heri na baraka. Maneno hayo yakiandikwa na kupewa mashine, itajibu kwamba mna furaha. Kumbe shughuli nzima ni ya kuitoa hasira.

Madhara ya kosa hili hayaishii katika darasa la isimu. Kasigau imo kati ya mbuga za Tsavo, na tembo huingia mashambani. Mkulima aliyeharibiwa mahindi huandika malalamiko kwa adabu: salamu, heshima, ombi. Endapo ofisi yoyote itaiachia mashine kazi ya kupanga barua kwa ukali wa hisia, mwenye matusi atatangulizwa na mwenye adabu atawekwa chini, ingawa hasara yake ni kubwa zaidi.

Huenda ikajibiwa kwamba data zikiongezeka kosa litapungua. Jibu hilo ni kweli kwa upande wa sarufi tu. Maelfu ya sentensi nyingine zilizosomwa kwa sikio lilelile zitaimarisha kosa lilelile. Yanayohitajika ni matatu. Kwanza, watiaji lebo wawe wenyeji wa usemi wanaouhukumu. Pili, wanapotofautiana, tofauti yao ihifadhiwe badala ya kufutwa kwa wingi wa kura. Tatu, lebo zitokane na Kiswahili chenyewe, uchungu na haya zikiwemo, na kila matini iandamane na maelezo ya nani alimwambia nani, na katika hali gani. Kazi hii ni ya idara za Kiswahili. Wakiiacha, wahandisi wataendelea kuifanya peke yao kwa nia njema, na Mkasigau ataendelea kusomwa kama mtu asiye na la moyoni.