Mutango wa Yona na kalamu ya Mutakatifu Yeronimo

Kila mwaka, tarehe 30 septemba, Eklezya hukumbuka Mutakatifu Yeronimo, padri na mwalimu. Katika mahubiri ya siku ile tunasikia sifa zake: alijua Kilatini, Kigriki na Kiebrania, alifunga jangwani, alifasiri Biblia. Sifa hizi ni za haki, lakini zinamufanya afanane na sanamu. Tuchukue leo neno moja tu la kazi yake, jina la mumea, tuone mufasiri huyu alikuwa mutu wa namna gani.

Maisha yake kwa kifupi. Alizaliwa Stridoni, mupakani mwa Dalmatia na Panonia, katika karne ya 4. Alisoma Roma na kubatizwa kule. Katika jangwa la Siria alianza Kiebrania kwa Muyuda mumoja aliyekuwa Mukristu. Mwenyewe asema mara nyingi alikata tamaa, akaacha, akaanza tena. (Waseminari wenye kulia juu ya Kigriki wakumbuke jambo hili.) Toka 382 mpaka 384 alimusaidia Papa Damaso, aliyemupa kazi ya kusahihisha Enjili za Kilatini. Mwaka 386 alikaa Betlehemu, pahali Mutakatifu Paula alijenga monasteri kwa mali yake. Kule, muda wa miaka kama 15, alifasiri Agano la Kale toka Kiebrania chenyewe, si toka Kigriki cha Wafasiri Sabini, kama ilivyokuwa desturi. Muyuda mwingine, Baranina, alikuja kumufundisha usiku, kwa kuogopa wenzake.

Basi, mwaka 403 Mutakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, alimuandikia habari ya kusikitisha. Katika muji wa Oea, ndio Tripoli ya Libia leo, askofu mumoja aliruhusu kitabu cha nabii Yona kisomwe katika tafsiri ile mpya. Walipofika sura ya 4, pahali Mungu anaotesha mumea kumupa Yona kivuli, watu walisikia neno wasilolizoea. Tangu babu zao waliambiwa ni mutango, wa jamii ya maboga na vibuyu, kwa kufuata Kigriki. Yeronimo aliandika «hedera», mumea wa kutambaa juu ya kuta. Fujo ikatokea, zaidi kati ya Wagriki, wakisema maandiko yameharibiwa. Askofu akalazimika kuuliza Wayuda wa muji, nao wakajibu kwamba Kiebrania chasema sawa na vitabu vya zamani. Mwishowe akasahihisha, kusudi asibaki pasipo watu.

Tusicheke upesi. Sisi wa Ituri, baada ya mambo ya 1999 mpaka 2003, hatuhitaji kufundishwa kwamba neno moja mbele ya watu wengi laweza kuwasha moto. Augustino hakujua Kiebrania, na hakuona aibu juu ya jambo hilo. Hofu yake ilikuwa nyingine: Wakristu wa Kilatini na wa Kigriki watasoma vitabu viwili mbalimbali, na ugomvi ukizuka, nani atahukumu, kama mwenye kujua ni mutu mumoja tu, naye anakaa mbali Betlehemu?

Jibu la Yeronimo, mwaka 404, ni kali. Wale Wayuda wa Oea, asema, ao hawakujua Kiebrania, ao walidanganya makusudi kwa kucheka wapenda-mitango. Neno la Kiebrania ni «kikayoni». Kama angeliacha hivyo, hakuna angefahamu. Kama angeandika mutango, angesema kisichokuwa katika Kiebrania. Basi aliandika hedera, sawa wafasiri wengine waliomutangulia. Kisha anaomba aachwe, muzee katika kona ya monasteri yake.

Kwa heshima yote, mimi naona jibu hili halitoshi. Musomaji afungue maelezo ya Yeronimo juu ya Yona, aliyoyaandika mwaka 396, miaka saba mbele ya barua ya Augustino. Pale aueleza mumea wenyewe vizuri sana: una majani mapana, kivuli kizito, unakua upesi, unasimama juu ya shina lake bila kutegemea kitu, tena hedera na mutango, asema, hutambaa. Ndio kusema alijua kwamba hedera si neno la kweli. Aliwaondolea watu kosa walilolizoea, akawapa kosa wasilolizoea. Tena asema Kilatini hakikuwa na jina la muti huu. Lakini zaidi ya miaka 300 mbele yake, Plinio wa Roma aliandika kwamba Walatini huuita «ricinus», ndilo jina la kupe, kwa sababu mbegu zake zafanana na kupe. Ni mbarika wetu, ule wa mafuta ya kuharisha.

Jambo la kushangaza zaidi limo katika maelezo yale yale. Yeronimo asema kwa lugha ya Siria na kwa Kipuniki muti huu una jina la kawaida. Lakini Kipuniki ni lugha waliyosema wenyeji wa Afrika, hata wakulima wa jimbo la Augustino! Neno lililokosekana katika Kilatini cha kanisa lilikuwa katika vinywa vya watu wa shamba. Katika barua zile mbili, hakuna aliyefikiri kuwauliza.

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, imeandika mutango. Somo hili husomwa katika Misa siku ya tatu ya juma la 27, kila mwaka wa pili. Katika shapeli zetu za pori, mukatekista anayelisoma kwa Kiswahili hulifasiri palepale, pasipo karatasi, kwa Kilendu, Kihema, Kialur ao Kibira. Naye amuulize muzee yeyote jina la ule muti wa majani mapana unaoota nyuma ya nyumba. Lakini awaambie watu mbele ya kusoma, si nyuma, kwa nini jina limegeuka. Askofu wa Oea hakufanya hivyo, na Yeronimo hakumushauri.

Yeronimo alikufa mwaka 420, ao 419 kufuata hesabu ya wengine. Mwaka 426 Augustino, sasa muzee naye, alimaliza kitabu chake juu ya mafundisho ya kikristu. Alipotaka kuonyesha kwamba manabii nao walijua kusema kwa uzuri, alimuchagua Amosi, muchungaji wa mifugo, akaandika wazi kwamba hafuati Wafasiri Sabini, bali tafsiri ya padri Yeronimo toka Kiebrania.