Mkao na Mavizio katika Picha za Arusi

Neno lisifiwalo kuliko yote leo katika kazi ya picha za arusi ni "asili". Mpiga picha huahidi picha za asili, maarusi huziagiza, na jamaa wakiletewa albamu huridhika kwa kusema kuwa hakuna mtu aliyekalishwa wala kupangwa. Sifa hiyo imekubaliwa upesi mno, kama ilivyo desturi ya sifa mpya. Makala haya yanakusudia kulipima neno lenyewe. Si kulikanusha, maana lina haki yake, bali kuuliza ni picha ya namna gani ipasayo kuitwa hivyo, hupatikanaje, na ni nani alipaye gharama yake.

Kwanza tuwaondolee wazee wetu lawama isiyo yao. Wapo wadhanio kwamba watu wa zamani walisimama kama milingoti katika picha zao za arusi kwa kuwa hawakujua kufurahi mbele ya kamera. Dhana hii ni ya uvivu. Ufundi wa Daguerre ulipotangazwa huko Ufaransa mwaka 1839, mwanga ulihitaji muda mrefu kuandika sura ya mtu, na katika miaka iliyofuata wenye studio walitumia vyuma vya kuegemeza kichwa kwa nyuma ili mteja asitikisike. Baadaye kamera zikawa nyepesi, lakini filamu haikuwa bure: ile pana, iliyopendwa na wapiga picha wa arusi, ilitoa picha 12 za mraba, na ile ndogo ya milimita 35 ilitoa 36. Mwenye nafasi 12 za kumaliza arusi nzima hawezi kuzitapanya akingoja shangazi acheke. Atampanga shangazi, atamnyoosha mjomba, atahesabu, na atapiga. Ukakamavu ule ulikuwa hesabu, tena ulikuwa adabu. Mtu alijitokeza kwa wajukuu wasiozaliwa akiwa amevaa alivyo bora.

Wala mkao si adui wa uhai. Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako mwaka 1948, aghalabu alimpiga kila mteja picha moja tu, nyuma yake pametandazwa kitambaa. Na kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Kila kitu katika picha zake kimepangwa: mikono, mikunjo ya nguo, saa iliyoelekezwa ionekane. Hata hivyo mtazamaji hukutana na watu, si vinyago. Hapana shaka sababu yake ni kwamba mkao ule ulikuwa mapatano baina ya wawili: mteja alitaka aonekane hivyo, na fundi alijua kumsaidia.

Sasa tuje kwa picha isiyopangwa. Kiswahili kinalo neno linaloifaa, nalo ni kuvizia. Neno hili limetoka porini kwa wawindaji, na yafaa tusilisahau shina lake, kwani aviziaye ana shabaha na aviziwaye hana habari. Wafaransa nao wameligusa jambo hili. Henri Cartier-Bresson alipotoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1952 alikiita Images à la sauvette, na maneno hayo ya mwisho husemwa hasa juu ya mchuuzi asiye na leseni, auzaye bidhaa barabarani huku jicho lake moja likitafuta askari. Picha ya namna hii, basi, ina haraka na ina wizi kidogo ndani yake, na ni mabwana zake wenyewe waliokiri hivyo tangu mwanzo. Wauzaji wa picha za arusi ndio walioupaka wizi huo manukato.

Tuchukue mfano ulio mkubwa. Mwaka 1967 Elliott Erwitt alipiga picha ya maarusi mjini Bratsk, Siberia. Bwana arusi na bibi arusi wameketi, na kando yao yuko mtu mwingine anayetabasamu. Hilo tu. Lakini tabasamu la yule mtu limewafanya watazamaji wa zaidi ya miaka 50 kubuni hadithi: kwamba anajua siri ya bibi arusi, kwamba bwana arusi ameanza kushuku, kwamba ndoa imeharibika kabla haijaanza. Ni picha bora, yenye ucheshi mkali, nami sioni aibu kuisifu. Walakini tumwulize mhakiki aiitaye picha ya kweli: ukweli gani? Pengine yule mtu alicheka kwa mzaha wa karani. Kamera ilikata sehemu ndogo mno ya dakika, ikaitenga na dakika iliyotangulia na iliyofuata, na katika pengo hilo sisi tukajaza riwaya. Picha iliyoviziwa haisemi uongo, lakini humwacha mtazamaji aseme. Kwa msanii aliye safarini jambo hili ni riziki. Kwa watu watakaoitundika picha hiyo sebuleni mwao maisha yao yote, ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Kwa maoni yangu, mwalimu aliye bora zaidi katika shauri hili hakuwa mwindaji. Malick Sidibé wa Mali alizunguka usiku katika karamu za vijana wa Bamako miaka ile iliyofuata uhuru wa 1960, akiingia nyumba hii na kutokea ile. Picha yake ijulikanayo kuliko zote ni ya mkesha wa Krismasi wa 1963: kijana wa kiume ndani ya suti na msichana asiye na viatu wanacheza, vichwa vyao vimekaribiana mno, macho yote yako chini kwenye miguu. Hakuna aliyewapanga. Lakini pia hakuna aliyewavizia, maana walijua kabisa kwamba Malick yupo. Walimwalika, walimpenda, na kufika kwake kulikuwa sehemu ya karamu. Hawakuisahau kamera kwa kudanganywa. Waliisahau kwa kuwa walikuwa na kazi iliyo kubwa kuliko kamera, nayo ni kutokosea hatua. Hapa ndipo tunapopata maana ya asili iliyo thabiti kuliko ile ya matangazo: mtu anaijua kamera, ameiridhia, na ameshughulika.

Arusi moja ya Marekani yathibitisha hayo kwa njia nyingine. Tarehe 21 Septemba 1996 John F. Kennedy mdogo alimwoa Carolyn Bessette katika kanisa dogo la mbao kwenye kisiwa cha Cumberland, Georgia, mbele ya wageni wachache, na magazeti ya dunia hayakupata habari mpaka mambo yalipokwisha. Picha iliyotoka ni ya bwana arusi akiubusu mkono wa mkewe walipokuwa wakitoka kanisani jioni. Ilipigwa na Denis Reggie, ambaye ni miongoni mwa waliosambaza mtindo huu wa kupiga arusi kama apigavyo mwandishi wa habari. Wasifuo picha hiyo husifu wepesi wa mkono wake. Ni sawa, lakini wasisahau kwamba dada yake Reggie alikuwa ameolewa na Edward Kennedy, ami wa bwana arusi. Aliyesimama na kamera mlangoni pa kanisa hakuwa mgeni, na sura za watu hazikuwa na sababu ya kujifunga mbele yake.

Tukiyaleta haya katika kumbi zetu, twaona kwamba sehemu kubwa ya kiitwacho asili ni mkao uliovaa nguo nyingine. "Mnong'onezeni kitu." "Chekeni kama hamnioni." "Rudini mlangoni, mwingie tena." Maarusi huingia ukumbini mara mbili kwa kuwa taa ya video haikuwa tayari mara ya kwanza, hulishana keki, kisha hulishana tena kwa ajili ya pembe ya upande wa pili. Mkao wa studio ulikuwa mwaminifu, maana ulijitangaza kuwa mkao. Huu wa sasa hukana jina lake. Tena humlaza bibi arusi na uchovu ambao bibi yake hakuujua, kwa sababu kusimama wima dakika tano mbele ya kamera kubwa ni kazi ndogo kuliko kuigiza furaha kwa saa tisa, na hali furaha yenyewe ipo pale pale ikingoja kuruhusiwa.

Lakini jambo zito kuliko yote limo katika neno lenyewe. "Asili" kwa Kiswahili ina maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga. Ni maumbile, yaani kitu kisichotiwa mkono. Na ni chimbuko, yaani kile ambacho watu wamekirithi. Wapiga picha wetu wameishika maana ya kwanza na kuitupa ya pili. Tazama kupamba kwa pwani, Lamu, Mombasa au Unguja. Bibi arusi huketishwa mahali pa juu mbele ya wanawake, hina mikononi, macho ameyainamisha, hasemi wala hageuki, na wageni humtazama mpaka watosheke. Je, huo ni mkao? Ni mkao, na haukubuniwa na kamera. Ulikuwapo kabla kamera haijafika pwani. Kutulia kule ndiko kitendo chenyewe, kama vile kucheza kulivyokuwa kitendo cha wale vijana wa Bamako. Mpiga picha akimwambia acheke, amempanga. Akimvizia alipochoka akapiga mwayo, amemwibia. Picha ya asili ya arusi hiyo ni ile ile iliyotulia, ambayo kitabu cha ufundi cha kigeni kingeihukumu kuwa kavu.

Kadhalika albamu za ng'ambo hufundisha kwamba kilele cha arusi ni wawili kutazamana wakati wa kufungwa ndoa. Mpiga picha afuataye somo hilo msikitini atarudi mikono mitupu, maana mara nyingi bibi arusi hayupo pale. Yuko walii wake. Yampasa ajue kuwa kukutana kutakuja baadaye, chumbani, bwana arusi atakapoingia na kumwekea mkewe mkono kwenye paji la uso na kumwombea dua, na kwamba hapo pengine hatakiwi mwanamume mwenye kamera. Ndiyo sababu wenyeji wengi humwajiri mpiga picha mwanamke, na katika kupamba huwakataza wageni kutoa simu mikobani. Wageni wengine huona katazo hilo ni ushamba. Mimi naliona kuwa hukumu ya kihakiki iliyo kali kuliko yoyote iliyoandikwa juu ya somo hili, kwani latambua kwamba mwanamke aliyevua buibui kati ya wanawake wenzake hakuvua kwa ajili ya kila jicho la dunia. (Sisemi kwamba desturi haibadiliki. Wapo maarusi wa pwani leo wanaocheza na mashoga zao mpaka alfajiri, na hao wapigwe wakicheza.)

Juu ya ufundi sitasema mengi, ila mwanga. Katika nchi zetu jua la adhuhuri husimama karibu na utosi mwaka mzima, nalo huchimba mashimo meusi mahali pa macho. Mtu akikunja uso kwa jua hilo, hakuna atakayemwita mwenye furaha. Baraza la nyumba, dirisha la chumba anamovikwa bibi arusi, au uwanja baada ya saa kumi na moja jioni, vyatenda kazi ambayo maagizo mia hayataitenda. Mpiga picha afike asubuhi, wakati wa kupiga pasi na kutafuta viatu, apewe chai na akae. Ifikapo saa sita watu wamemzoea. Na ratiba iwe na nafasi. Maarusi waliochelewa saa mbili hawawezi kuonekana watulivu kwa ufundi wa mtu yeyote.

Picha ya jamaa wote waliopangwa kwa safu isifukuzwe katika albamu kwa jina la asili. Ndiyo pekee itakayoonyesha kwamba babu alikuwapo, na kwamba alisimama kando ya nani. Itengewe robo saa, majina yaandikwe mapema, na mjomba mwenye sauti apewe kazi ya kuita. Kisha watu waachwe. Nimeona mara kadhaa kwamba picha njema kuliko zote hupatikana katika nusu dakika inayofuata safu kuvunjika, watu wanapovuta pumzi na kugeukiana.

Limebaki suala la kuchagua. Sidibé alibandika picha ndogo ndogo za kila karamu kwenye karatasi, na vijana wakaja studio kuzitazama na kuagiza wazipendazo. Leo kadi ya kamera hubeba maelfu, mpiga picha ndiye achaguaye, na mara nyingi baadhi yake zimekwisha kusambaa katika simu kabla bibi arusi hajavua shela. Mapatano ya kazi yangeweza kusema, katika mstari mmoja, ni nani azione kwanza. Bibi arusi azikatae atakazo. Lakini asiifute upesi ile aliyoirukia kwa sababu yeye hayumo: ile ya mama yake mlangoni pa jikoni, kanga begani, akihesabu sahani.