Ufundi wa Kusoma Mwiba

Herufi zaidi ya mia tano zimefuatana bila nafasi wala nukta, kila moja ikisimamia asidi amino moja. Hiyo ndiyo S1, kichwa cha mwiba ambao virusi vya mkamba wa kuku hujishikiza nao kwenye njia ya hewa. Ni virusi vya korona, ingawa ugonjwa wake ulielezwa Marekani tangu 1931, kabla jina hilo halijatungwa.

Huku Oman wengi bado tunafuga kuku uani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichukua sampuli za koo kutoka makundi 243 ya ndege wa nyumbani. Makundi 39 ya kuku yalikutwa na virusi, na 32 kati yake yakatambuliwa aina: zinazofanana na 793/B, M41, D274, IS/1494/06 na IS/885/00. Ndege wenyewe hawakuonekana kuumwa. Bila mtu wa kulinganisha herufi, nani angejua?

Programu hupanga mistari sambamba mara moja, lakini fundi haiachii hapo. Virusi hudondosha herufi hapa na kuchomeka mbili pale. Kistari cha kuonyesha pengo kikikaa pasipo pake, herufi zote zinazofuata zitaonekana zimebadilika na kumbe sivyo. Basi hutafuta alama anazozifahamu, kama RRFRR ya M41, mahali mwiba unapokatwa kuwa S1 na S2, ahakikishe zimeangukiana na za aina nyingine.

Ninachokiheshimu zaidi ni uamuzi wake, maana asilimia hudanganya. Aina nyingi hupishana kwa asilimia 20 hadi 25 ya S1, lakini zipo zilizopishana kwa 2 au 3 tu, na bado kinga ya moja huenda isimfae kuku vya kutosha mbele ya nyingine. Tazama N inayofuatwa na herufi yoyote isiyo P, kisha T: hapo seli huweza kutundika mnyororo wa sukari. T ikigeuka A, sukari haina pa kushika, na ngozi ya mwiba iliyokuwa imefunikwa hubaki wazi kwa kingamwili. Kwenye hesabu, hiyo ni herufi moja tu.

Na mstari unaofanana na M41 ukitoka kwa kuku ambao hawajachanjwa? Huenda ni virusi vya chanjo hai vilivyosambaa kutoka banda la jirani, huenda ni vya asili. Kipande cha S1 hakitoshi. Fundi ataomba S1 nzima, ikibidi jenomu yote, halafu amuulize mfugaji jirani anachanja kwa chanjo gani, na lini.